Wito kwa Kina Juma na Kina Mwajuma

Ukifungua vitabu vya sarufi ya Kiswahili, vya darasa la tatu hata vya chuo kikuu, hukosi kukutana na Juma. Juma anacheza mpira. Juma amekula wali. Kalamu ya Juma imepotea. Walimu wamemtuma mtoto huyu kazi nyingi, na kwa kutumwa sana jina lake limekuwa kama ubao na chaki: lipo, linatumika, hakuna anayelitazama. Nakuomba leo tulitazame pamoja, kwa sababu nina ombi nataka kukufikishia, na ombi lenyewe halitaeleweka mpaka jina hili lieleweke.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliitwa Juma. Nilipokuwa na miaka 12 hivi nilitoka madrasa siku moja nimejifunza kwamba Juma ni mtu aliyezaliwa Ijumaa, nikaenda mbio kumpelekea habari hiyo kama zawadi. Nilimkuta barazani anasuka ukili, mguu mmoja kaukunja, ncha za miyaa zinampigapiga magotini.

"Mjomba, kumbe ulizaliwa Ijumaa!"

Hakuinua uso. "Mimi nimezaliwa Jumanne, mjomba. Usiku, mvua ya masika inamwagika."

Kisha, bila kusimamisha vidole, akanieleza. Aliyezaliwa Ijumaa alikuwa babu yake mzaa mama, nahodha wa jahazi. Mwaka mmoja mzee huyo aliondoka na kusi, amepakia boriti za mikoko kwenda Arabuni. Kaskazi ilipoingia wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Bibi yangu, ambaye wakati huo alikuwa bado mwari, akaweka nadhiri kwamba mtoto wake wa kwanza wa kiume atakuwa somo wa baba yake. "Kwa hiyo Ijumaa ni ya mzee yule," mjomba akasema, "mimi nimeachiwa tu."

Ningekuwa na busara ningeingia ndani nikachukua daftari. Sikuchukua. Nilikwenda kucheza. Leo mjomba hayupo, bibi hayupo, na hakuna aliyebaki wa kuniambia jahazi lile liliitwaje, lilitoka bandari gani, wala mwaka wenyewe ulikuwa upi. Kilichosalia cha nahodha yule ni herufi nne kwenye kitambulisho cha mjomba wangu.

Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, kutoka kwenye mzizi wenye maana ya kukusanya. Kabla ya Uislamu, Waarabu waliiita siku hiyo Aruba. Uislamu ulipokuja ikawa siku ya mkusanyiko, siku ya watu kuacha biashara na kukutana kwa sala, na sura ya 62 ya Kurani inabeba jina hilo. Mzizi huohuo ulipovuka bahari ulizaa ukoo mzima kwetu: jamaa, jamii, jumuiya, kujumuika. Mwalimu Nyerere alipotafuta neno la siasa yake, ile aliyoiandikia kijitabu mwaka 1962 na kuitangazia nchi kwa Azimio la Arusha mwaka 1967, aliteua ujamaa. Juma na Ujamaa ni ndugu wa tumbo moja, na nadhani kina Juma wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Tazama pia wiki yetu ilivyojengwa. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, zote zinahesabiwa kuanzia siku inayofuata Ijumaa. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo katika wiki ya Mswahili zimo siku mbili za tano, zimekaa bega kwa bega, na hakuna hata moja iliyokosea: kila watu wamehesabu kutoka pale waliposimama. Napenda sana jambo hili, kwamba hatukulazimika kufuta hesabu moja ili nyingine ipate nafasi. Na juma lenyewe likawa neno la siku saba. Tunasema majuma mawili, juma lijalo. Anayeitwa Juma, hata kama alizaliwa Jumanne usiku, amebebeshwa wiki nzima.

Wa kike ni Mwanajuma, ambaye mdomoni mwetu amekuwa Mwajuma, na ile "mwana" ya mbele si kitu cha kupita bila kukiona. Pwani ni neno la heshima kwa mwanamke. Aliyezaliwa Alhamisi ni Hamisi au Mwanahamisi, wa sikukuu ni Idi au Mwanaidi, wa miezi ni Rajabu, Shabani, Ramadhani. Mashabiki wa Yanga watamkumbuka beki wa kulia kutoka Kongo, Djuma Shabani, aliyejiunga nao mwaka 2021. Ile "Dj" ni mwandiko wa Kifaransa, lakini jina ni hilihili letu, na ukilisoma lote ni kalenda: siku mbele, mwezi nyuma.

Sasa tutoke nje ya Pwani, kwa sababu Ijumaa si yetu peke yetu.

Kwa Waakan wa Ghana, mtoto hupata jina la siku yake kabla hajapewa jina lingine lolote. Huliita jina la nafsi, kwa kuwa wanaamini nafsi ilichagua siku ya kuja duniani. Mwanamume wa Ijumaa ni Kofi, mwanamke ni Afua, au Efua kwa Wafante. Ijumaa tarehe 8 Aprili 1938, mjini Kumasi, walizaliwa mapacha, mvulana na msichana. Msichana akaitwa Efua Atta. Mvulana akaitwa Kofi Atta Annan. Atta ni pacha; Annan, ubini wa baba yake, maana yake ni mtoto wa nne. Ukilijua hilo, jina la Kofi Annan husomeka kama ukurasa wa daftari la kliniki: kazaliwa Ijumaa, ni pacha. Dunia nzima ililitamka jina hilo tangu mwaka 1997 hadi 2006, alipokuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na wengi wetu tulilitamka bila kujua tunasoma habari za kuzaliwa kwake.

Myanmar nako siku za wiki zina herufi zake. Kila siku imegawiwa kundi la herufi, na wazazi wengi humtafutia mtoto jina linaloanza na herufi ya siku aliyozaliwa. Ijumaa ina herufi mbili: moja hutamkwa th, kama ya thamani, na nyingine h. Siku zina wanyama wake pia, na wa Ijumaa ni simbilisi. Pale Shwedagon, hekalu kubwa la dhahabu la Yangon, kila siku ina upande wake. Aliyezaliwa Ijumaa huenda upande wa kaskazini kuimwagia maji sanamu ya Buddha. Tarehe 22 Januari 1909, siku ya Ijumaa, alizaliwa huko mtoto aliyepewa jina moja tu, Thant, maana yake safi. Hakuwa na ubini, kwa kuwa kwao si desturi. Ile "U" tunayoiona mbele ya jina lake ni heshima, kama sisi tunavyosema Bwana au Mzee. U Thant aliongoza Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1961 hadi 1971.

Fikiria kidogo, ndugu yangu. Makatibu Wakuu wawili, mmoja kutoka Asia na mmoja kutoka Afrika Magharibi, wote watoto wa Ijumaa, na majina ya wote wawili yanasema hivyo kwa anayejua kuyasoma. Wangezaliwa Lamu au Pangani, pengine wote wawili wangeitwa Juma.

Ugiriki Ijumaa ni jina la kike, Paraskevi. Neno hilo maana yake ni maandalizi, kwani ilikuwa siku ya kujiandaa kwa Sabato, na Wakristo wa huko walilirithi kutoka kwa Wayahudi. Yupo Mtakatifu Paraskevi, anayekumbukwa tarehe 26 Julai, na wagonjwa wa macho humwomba yeye. Waserbia na Wabulgaria wana mtakatifu wao Petka, na Petka kwao ni hiyohiyo Ijumaa. Masalia ya mtakatifu huyo yako Iași, Romania, tangu mwaka 1641, na kila katikati ya Oktoba mahujaji hupanga foleni usiku kucha kuyafikia. Lakini kilichonigusa mimi ni jambo dogo zaidi. Wagiriki wana desturi ya kumpa mtoto jina la bibi au babu yake. Basi Paraskevi unayekutana naye leo sokoni Athens huenda alizaliwa Jumatatu. Ijumaa ni ya bibi yake, yeye kaachiwa. Nilipolisikia hilo nilimwona mjomba wangu na ukili wake.

Wapo wengine wengi. Wahausa wana Danjuma na Jummai. Wasomali wana Jimcaale. Waturuki wana Cuma, ambayo hutamkwa kama juma letu. Wakazaki humwita mtoto Zhumabay, na mshairi wao mkubwa Magzhan Zhumabayev, aliyezaliwa mwaka 1893 na kuuawa kwa risasi mwaka 1938, alibeba Ijumaa hiyo katika ubini wake. Nigeria, Zambia na Malawi utakutana na wanaume wanaoitwa Friday.

Jina hilo la mwisho linanikumbusha kitabu. Mwaka 1719 Daniel Defoe alichapisha hadithi ya Robinson Crusoe, mtu aliyekwama kisiwani peke yake. Siku moja anamwokoa kijana kutoka mikononi mwa wauaji, na kwa kuwa kwa hesabu yake siku hiyo ni Ijumaa, anamwita Friday. Anamfundisha kumwita yeye Bwana. Hamuulizi jina lake. Kijana yule bila shaka alikuwa na mama, na mama huyo alimwita kitu fulani, lakini katika kitabu chote msomaji halipati jina hilo. Jina la Ijumaa halina ubaya. Kilichoniuma tangu nilipokisoma kitabu hicho ni swali lisiloulizwa.

Na hayo hayakuwa ya vitabuni tu. Waakan waliouzwa utumwani Amerika na visiwa vya Karibi walivuka bahari na majina yao ya siku, na mabwana wakayaandika walivyoyasikia: Kofi akawa Cuffy, Cuffee, Cuffe. Tarehe 23 Februari 1763, katika koloni la Waholanzi lililoitwa Berbice, watumwa waliasi, na kiongozi wao akawa Cuffy. Alimwandikia gavana barua akipendekeza wagawane nchi. Leo eneo hilo liko ndani ya Guyana, tarehe hiyo ndiyo Siku ya Jamhuri, na sanamu ya kumbukumbu ya uasi huo imesimama Georgetown.

Mwingine ni Paul Cuffe, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1759. Baba yake alikuwa Kofi, mtu wa Ghana ya leo aliyeuzwa kwa familia ya Slocum, na kwa desturi ya siku zile alijulikana kwa ubini wa waliommiliki. Paul na ndugu zake walipokua waliuacha ubini huo, wakachukua jina la baba yao, lile alilopewa kwa sababu ya siku aliyozaliwa, wakalifanya la ukoo. Akawa nahodha, akawa mwenye meli zake mwenyewe. Mwaka 1811 alifika Sierra Leone kwa meli yake, na safari iliyofuata, ya mwaka 1815 hadi 1816, alirudisha Afrika watu 38.

Manahodha wawili, wote wenye jina la Ijumaa. Wa Massachusetts tunajua meli zake, safari zake, hata idadi ya abiria, kwa kuwa wanawe Kofi walilishika jina na kuliandika. Wa kwetu, babu yake mama yangu, amezama mara mbili: mara ya kwanza baharini, mara ya pili nilipokwenda kucheza badala ya kuchukua daftari.

Ombi langu sasa linatoka hapo.

Muulize aliyekupa jina kwa nini alikupa hilo. Usiridhike na maana ya kamusi. Orodha za majina ya watoto zilizojaa kwenye intaneti zitakuambia Juma ni Ijumaa, na zitaishia hapo. Haziwezi kukuambia habari za jahazi, nadhiri na mvua ya masika. Hayo yako kichwani mwa shangazi yako, na shangazi anazeeka. Muulize uliitwa kwa ajili ya nani, huyo mtu alikuwa nani, nani alibisha, ulikuwa na jina gani la nyumbani kabla ya hili, na kama kuna jina walilotaka kukupa wakaghairi. Simu uliyo nayo mkononi inarekodi sauti. Mwache aseme kwa lafudhi yake na kwa mapito yake yote, usimkatize, kisha uandike kwenye daftari lenye jalada gumu, utaje tarehe na mahali, na daftari hilo likae pamoja na vyeti vya nyumba.

Ukikutana na Shida, Tabu, Mashaka, Chausiku au Sikujua, usicheke. Majina hayo hayakuwekwa kumtusi mtoto. Mengi yaliwekwa kuhifadhi habari ya mwaka wa njaa, ya msiba, ya uchungu uliokuja usiku mama yuko peke yake, mahali ambapo hapakuwa na kalamu. Najua vijana kadhaa waliobadilisha majina ya namna hiyo kwa sababu darasani yaliwaletea kero. Siwalaumu hata kidogo. Naomba tu kwamba kabla hujalivua, ujue limetokea wapi, uliandike, ndipo uamue.

Mwalimu wa darasa la kwanza, una nafasi ambayo hakuna waziri anayo. Juma la kwanza la muhula, wape watoto kazi ya nyumbani: kila mmoja aulize kwao nani alimpa jina lake na kwa nini, arudi asimulie. Mtoto anayeitwa Juma asimame mbele ya wenzake aeleze, badala ya kubaki yule wa kwenye mfano wa sarufi ambaye kalamu yake imepotea. Wapo walimu waliowahi kumwambia mtoto atafute jina lingine kwa kuwa lake halifai shuleni. Ikiwa uliwahi kufanyiwa hivyo, unalijua donda lake, basi usimfanyie mwingine.

Karani wa vizazi, nakuomba kwa heshima zote. Umsomee mzazi ulichoandika, herufi kwa herufi, kabla ya kugonga muhuri. Mwanajuma na Mwajuma mdomoni ni mtu mmoja, lakini cheti cha kuzaliwa kikisema hivi na cha kidato cha nne kikisema vile, binti huyo atatumia siku za kazi na nauli kutafuta hati ya kiapo kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Dakika mbili zako mezani zinamwokoa na hayo.

Na nyinyi mlioko Muscat, Birmingham au Toronto, mnaomtafutia mtoto jina ambalo majirani wa huko wataliweza: chagueni mnalopenda, ni haki yenu. Lakini mtafutieni na la pili kutoka kwa wazee wake, na mumwambie habari zake angali mdogo, kabla hajaanza kuona haya kulitaja.

Mimi daftari langu nimelianza. Ukurasa wa kwanza nimemwandika mjomba: Juma, kazaliwa Jumanne usiku, masika, somo wa nahodha. Mistari inayofuata ni mitupu na itabaki hivyo. Yako bado inaweza kujaa. Kama aliyekupa jina yu hai, mpigie simu leo jioni, wala usingoje Ijumaa.